Aliyenyamaza Amesema Nini? Ukimya katika Majibizano ya Riwaya ya Kifaransa ya Kisasa

Katika tamthilia fupi ya Nathalie Sarraute iitwayo Pour un oui ou pour un non, iliyochapishwa mwaka 1982, marafiki wawili wa miaka mingi wanafarakana kwa sababu ya maneno matatu. Mmoja alikuwa amejisifia fanikio fulani, jambo dogo tu, na mwenzake akamjibu: "C'est bien... ça." Kwa Kiswahili tungesema "Ni vizuri... hilo." Hakuna tusi hapo, wala dhihaka ambayo mtu wa tatu angeweza kuithibitisha. Kilichomchoma aliyeambiwa ni jinsi neno la katikati lilivyovutwa, na zaidi ya hapo ule mwanya mfupi uliopita kabla neno la mwisho halijatamkwa. Anapobanwa aeleze kosa, hana kitu cha kushikika cha kuonyesha. Majirani wanaoitwa kuamua hawaoni kesi, na yeye mwenyewe anakiri kwamba alikwishapeleka ombi mbele ya baraza linalotoa ruhusa ya kuvunja urafiki, nalo likatupwa. Hata hivyo, hadi mchezo unapokwisha, hakuna aliyefaulu kuuziba ule mwanya.

Mwanya wa namna hiyo ndio mada ya makala haya. Msomaji aliyezoea riwaya ambazo wahusika wake husema wanachokitaka, kisha msimulizi akaongeza yale wasiyoyasema, anaweza kuifungua riwaya ya Kifaransa ya karne ya 20 akadhani kwamba kuna kurasa zimechanwa. Watu wanaulizana maswali yasiyojibiwa, wanajibu maswali ambayo hayakuulizwa, wanaagiza kinywaji katikati ya jambo zito, kisha sura inakwisha. Ni rahisi kusema kwamba wahusika wa kisasa wamekuwa wanyamavu, lakini si kweli, kwa sababu wahusika wamekuwa wakinyamaza tangu riwaya ilipoanza kuandikwa. Kilichobadilika ni kwamba msimulizi naye aliacha kutueleza kwa nini wamenyamaza. Ukimya wa mhusika peke yake ni habari tu. Ukimya wa mhusika ukiungana na ule wa msimulizi, kazi yote inamwangukia msomaji.

Hapa lugha yetu inatusaidia. Kifaransa kina nomino silence na kina kitenzi se taire, na Kiswahili kina jozi inayokaribia kulingana nayo: kimya ni hali, kunyamaza ni tendo. Chumba kinaweza kuwa kimya, lakini kunyamaza kunahitaji mwenye kinywa, tena aliyekuwa na la kusema na mtu wa kumwambia. Sehemu kubwa ya ugumu wa maandishi haya inatokana na ukweli kwamba mwandishi anatuwekea kimya ukurasani bila kutuambia iwapo kuna mtu aliyenyamaza, na kama yupo, anamnyamazia nani.

Riwaya ya karne ya 19 haikumwachia msomaji swali hilo. Kwa Honoré de Balzac, mmoja wa waandishi wakubwa wa karne hiyo, mhusika akikunja midomo, msimulizi hukimbilia kutueleza madeni yake, ukoo wake na hila anayoipanga, na wakati mwingine maelezo huwa marefu kuliko mazungumzo yenyewe. Mabadiliko yalianza na Gustave Flaubert, na aliyeyaona vizuri zaidi ni mwandishi mwenzake. Katika insha ya mwaka 1920 kuhusu mtindo wa Flaubert, Marcel Proust aliandika kwamba jambo zuri kuliko yote katika L'Éducation sentimentale, riwaya ya mwaka 1869, si sentensi yoyote bali ni nafasi tupu. Frédéric, mhusika mkuu, anashuhudia rafiki yake akiuawa barabarani, anamtambua muuaji, na hapo sura inakatika. Sura inayofuata inaanza kwa maneno machache tu, kwamba alisafiri, na miaka mingi inapita katika aya chache. Flaubert hakueleza Frédéric alijisikiaje, wala hakusema kwamba anakataa kueleza. Nafasi hiyo haimo ndani ya majibizano, lakini waandishi waliofuata walijifunza kuiingiza humo, kati ya swali na jibu.

Mwaka 1942 ulileta vitabu viwili vyembamba ambavyo vinatosha kuonyesha ni umbali gani uliopo kati ya kunyamaza na kimya. Cha kwanza ni Le Silence de la mer, yaani Ukimya wa Bahari, kilichochapwa kwa siri katika Paris iliyokaliwa na majeshi ya Ujerumani. Mwandishi wake, mchoraji Jean Bruller, alijificha nyuma ya jina la Vercors, na kitabu kilikuwa cha kwanza kutolewa na Éditions de Minuit, shirika la uchapishaji ambalo yeye na Pierre de Lescure walilianzisha mafichoni. Afisa wa Kijerumani, Werner von Ebrennac, amepangiwa chumba katika nyumba ya mzee mmoja na mpwa wake wa kike. Ni mtu mstaarabu, mtunzi wa muziki, mpenzi wa fasihi ya Kifaransa. Kila jioni anashuka sebuleni, anasimama karibu na moto, anazungumza kuhusu nchi hizo mbili kana kwamba ni wachumba, kisha anawatakia wenyeji wake usiku mwema na kuondoka. Mzee na binti hawamjibu neno. Hawakukubaliana kwa sauti kwamba watamnyamazia; walijikuta tu wamefanya hivyo, na wakaendelea.

Huku ndiko kunyamaza kwa maana kamili, silaha ya mtu asiye na silaha nyingine. Lakini kitabu kingekuwa tangazo la siasa tu kama ukimya wao ungebaki vilevile tangu mwanzo hadi mwisho. Vercors anaufanya ubadilike bila kuuvunja. Kadiri majira ya baridi yanavyopita, mzee anaanza kusikia aibu kwa kumnyima mtu huyu hata neno moja la adabu, na uso wa binti, ulioinama juu ya kazi yake ya mikono, unaanza kusema mambo ambayo mjomba wake anayaona na hataki kuyataja. Kisha afisa anakwenda Paris, anagundua kwamba wenzake wamekusudia kuiangamiza roho ya Ufaransa, na anaporudi anabisha mlango bila kuingia. Ni hapo tu mzee anapotamka: "Ingia, bwana." Mara anajiuliza kwa nini ameongeza neno "bwana": je, ni kuonyesha kwamba anamkaribisha mwanadamu na si afisa wa adui? Neno moja la heshima ambalo kwingine lisingetazamwa mara mbili limebeba hapa uzito wa miezi. Methali yetu isemayo kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu ingemwandaa msomaji kwa kishindo, nacho hakiji. Binti anatamka neno moja, Adieu, kwa sauti ambayo mzee anasema ilibidi mtu awe amelitegea sikio ili alisikie. Ebrennac, ambaye ameomba apelekwe kwenye uwanja wa vita wa mashariki, amelisikia.

Kitabu cha pili cha mwaka huo ni L'Étranger cha Albert Camus, na huko hakuna anayenyamaza kwa makusudi. Meursault, karani wa Algiers, anajibu karibu kila anachoulizwa. Ajabu ni kwamba majibu yake hayatufikii kama majibu. Sote tulifundishwa shuleni kugeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa, na wengi wetu tuliliona zoezi hilo kuwa la kuchosha. Camus alilifanya zoezi hilo kuwa sauti ya kitabu kizima. Marie anapomuuliza mpenzi wake kama anampenda, hatupewi alama za mtajo wala mstari mpya. Tunaambiwa tu kwamba alimjibu kuwa jambo hilo halina maana, ila anadhani hampendi. Swali ambalo katika riwaya nyingine lingesimamisha dunia linapita kwa kasi ileile ya habari za chakula cha mchana. Sauti za watu zimemezwa na sauti moja bapa, na kimya tunachokihisi kinatokana na kufutwa kwa milio ya mazungumzo, ingawa hakuna aliyefunga mdomo.

Mwanafalsafa Jean-Paul Sartre, katika uchambuzi wake wa riwaya hiyo uliotoka mwaka 1943, aliuliza namna ya kunyamaza kwa kutumia maneno, na sijaona swali lililolifikia tatizo hili kwa ufupi zaidi. Jibu la Camus lipo katika sarufi. Lakini kuna mahali katika kitabu ambapo kimya hicho cha kisarufi kinageuzwa na watu wengine kuwa tendo, na hapo ndipo kinapoua. Meursault amempiga risasi Mwarabu mmoja ufukweni, na jaji wa uchunguzi anamuuliza kwa nini alisita baada ya risasi ya kwanza, kisha akaufyatulia risasi nyingine mwili uliokwisha kuanguka. Meursault hajibu. Hajibu kwa sababu hana jibu, lakini ofisi ya jaji, kama mahakama itakayofuata, haina nafasi ya kimya kisicho na mwenyewe. Kila kimya lazima kiwe cha mtu, na mtu huyo lazima awe anaficha kitu. Hata tabia yake ya kutosema sana inafikishwa mbele ya sheria. Alipoambiwa kwamba anaelezwa kuwa mtu asiyependa kuongea, alieleza kwamba huwa hana mengi ya kusema, kwa hiyo hunyamaza. Katika utangulizi alioandika mwaka 1958 kwa ajili ya insha zake za ujana, Camus alisema kwamba katikati ya kazi anayoota kuiandika ataweka ukimya wa ajabu wa mama fulani. Mama yake mwenyewe alikuwa na tatizo la kusikia na aliongea kidogo sana. Sidhani kwamba tunahitaji kumtafsiri Meursault kwa kumtazama mama huyo, lakini inafaa kujua kwamba kwa mwandishi huyu kutosema hakukuwa dalili ya moyo mtupu.

Kuna ukimya wa tatu katika L'Étranger, ule wa Mwarabu anayeuawa, ambaye hana jina wala sentensi moja ya kwake. Yeye na wenzake wanapoonekana mara ya kwanza mtaani, wanawatazama akina Meursault kimyakimya, kana kwamba wanatazama mawe au miti iliyokufa. Nitarudi kwake.

Baada ya vita, suala la majibizano lilihamia kwenye meza ya nadharia, na aliyelishughulikia kwa ukali zaidi ni Sarraute. Alizaliwa Urusi mwaka 1900, akalelewa Paris, akasomea sheria, na kitabu chake cha kwanza, Tropismes, kilitoka mwaka 1939. Jina hilo alilikopa kutoka biolojia, ambako hutaja namna mmea unavyojielekeza kwenye mwanga bila kuamua. Yeye alilitumia kwa mitikiso midogo inayopita ndani ya mtu anapokutana na mwenzake, mitikiso ya woga, ya kujipendekeza, ya kujihami, inayokwisha kabla mwenyewe hajaipa jina. Katika insha iliyomo kwenye L'Ère du soupçon, kitabu chake cha mwaka 1956, aliita mitikiso hiyo sous-conversation, na nadhani Kiswahili kinaweza kulipokea neno hilo bila shida: ni mazungumzo ya chini kwa chini. Maneno tunayoyasikia ni sehemu iliyojitokeza juu tu, na mara nyingi ni sehemu iliyochaguliwa ili ifunike ile ya chini.

Kutokana na wazo hilo Sarraute alitoa lawama ambayo inaonekana ya kiufundi tu mpaka mtu aifikirie. Alisema kwamba zile ishara za kawaida za majibizano, yaani mstari mpya, kistari kirefu, na vijineno kama "alisema Jeanne" au "akajibu Paul", zimekuwa mzigo kwa mwandishi wa kisasa. Zinakata uzi. Zinadai kwamba kuna mpaka ulio wazi kati ya kufikiri na kusema, na kwamba msimulizi anasimama nje ya wahusika akiwapa zamu kama mwenyekiti wa mkutano. Aliyezoea kuandika hadithi kwa Kiswahili atakumbuka jinsi vitenzi kama "akasema", "akajibu" na "akadakia" vinavyojipanga vyenyewe chini ya kalamu, na atakubali kwamba kila kimoja ni uamuzi: ukiandika "akadakia" umekwisha kumweleza msomaji kwamba hakukuwa na mwanya.

Alama aliyoichagua badala yake ni zile nukta tatu. Sentensi za Sarraute zinaanza na kuishia kwa nukta tatu, zinarudi nyuma, zinajirekebisha, zinakatika pale ambapo neno linalotakiwa lingekuwa la hatari. Katika vitabu vyetu vya sarufi alama hiyo huitwa dukuduku, na dukuduku ni pia lile jambo linalomkaa mtu moyoni bila kutolewa. Sijui kama lugha nyingine imefanikiwa kuzipa nukta hizo jina linalomfaa mwandishi huyu kuliko hilo. Kwa Sarraute kimya hakipo mahali ambapo maneno yamekwisha. Kipo ndani ya maneno yenyewe, kinayasukuma.

Riwaya yake Le Planétarium, ya mwaka 1959, inaonyesha jinsi jambo hilo linavyofanya kazi kwa muda mrefu. Vijana wawili waliooana, Alain na Gisèle, wanabishana na mama yake Gisèle kuhusu viti: mama anataka kuwanunulia viti vya ngozi vilivyo imara, wao wanatamani kiti cha kale chenye hadhi ya kisanaa. Hakuna kinachosemwa isipokuwa habari za fanicha. Lakini kila kauli juu ya ngozi na mbao imepigwa kwa kipimo, na kati ya kauli moja na nyingine kuna kurasa zinazotuonyesha mhusika akitetemeka, akikimbia, akishambulia, huku uso wake ukiwa umetulia. Ni kama kutazama watu wakinywa chai huku ukisikia vita chini ya meza. Sarraute ndiye mwandishi anayeujaza ukimya zaidi kuliko wote, na hilo linamtofautisha na wale ambao mara nyingi huwekwa naye katika kundi moja: yeye hamnyimi msomaji kilichomo ndani ya mwanya, anamnyima tu hukumu ya nani mwenye haki.

Alipogeukia redio na jukwaa ilibidi abadili mbinu, kwa kuwa jukwaani hakuna pa kuandika yale ya chini. Mwenyewe alilinganisha tamthilia zake na glovu iliyopinduliwa, ya ndani ikawa nje: wahusika wanasema kwa sauti yale ambayo watu wa kawaida wangeyaacha moyoni. Ya kwanza iliitwa Le Silence, na ilirushwa na redio ya Ujerumani mwaka 1964. Watu kadhaa wasio na majina, wanaotambulishwa kwa herufi na namba tu, wako pamoja na mmoja mwenye jina, Jean-Pierre, ambaye karibu mchezo mzima hasemi. Wengine wanapoteza utulivu kwa sababu yake: wanamdhania kuwa na dharau, kisha haya, kisha akili nyingi, wanamwomba radhi, wanamtukana. Wazo la kumpa jina yule tu asiyeongea ni la mtu aliyeelewa redio vizuri sana, kwani kwenye redio mtu asiyeongea hayupo kabisa, isipokuwa akitajwa na wengine.

Samuel Beckett, Mwairandi aliyechagua kuandika kwa Kifaransa, namtaja kwa ufupi kwa sababu ameandikiwa mengi. En attendant Godot, iliyochezwa kwa mara ya kwanza mjini Paris mwezi Januari 1953, iliufanya ukimya kuwa agizo lililochapwa: neno "Silence" linarudi katika maelekezo ya jukwaani kama nota ya mapumziko katika muziki, na mwigizaji anayeliruka amekosea sawa na aliyesahau mstari. Katika riwaya yake L'Innommable, ya mwaka huohuo, kuna sauti inayotaka kunyamaza na haiwezi.

Marguerite Duras anasimama upande wa pili wa Sarraute, ingawa wote wawili walitajwa pamoja na "riwaya mpya" ya miaka ya 1950, yaani kundi la waandishi walioyakataa masimulizi ya riwaya ya kimapokeo. Ambapo Sarraute anajaza, Duras anatoa. Moderato cantabile, riwaya yake fupi ya mwaka 1958, inaanza na mtoto katika somo la piano. Mwalimu anamuuliza maneno yaliyoandikwa juu ya karatasi ya muziki, ambayo ndiyo jina la kitabu, yana maana gani. Mtoto anasema hajui, anaulizwa tena, na anakaa bila kutikisika. Wakati huohuo kutoka mkahawani, chini ya jengo, unasikika ukelele: mwanamume amemuua mwanamke aliyempenda. Mambo haya mawili, mtoto asiyejibu na mwanamke asiyeweza tena kujibu, yanabeba kitabu chote.

Siku inayofuata mama wa mtoto, Anne Desbaresdes, mke wa mkurugenzi wa kiwanda, anarudi kwenye mkahawa ule usio wa watu wa tabaka lake. Anakutana na Chauvin, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha mumewe, na kwa siku kadhaa wanakunywa mvinyo na kuzungumza juu ya wale wawili wa mauaji. Anne anauliza ilikuwaje. Chauvin hajui, na anakiri kwamba hajui, lakini anasimulia. Yeye naye anamtaka Anne azungumze, juu ya nyumba yake, bustani yake, dirisha la chumba chake, ambavyo anaonekana kuvifahamu kupita kiasi. Hakuna anayesema "nakupenda", wala hakuna tendo ambalo hakimu wa ndoa angeweza kuliandika. Wanaongea juu ya marehemu kwa sababu ndiyo njia pekee ya kuongea juu yao wenyewe.

Tazama vitu anavyovipanga Duras kati ya kauli zao: bilauri inayojazwa, mwenye mkahawa anayefuma sweta na kugeuza uso, king'ora cha kiwanda kinachowaleta wafanyakazi, mtoto anayeingia na kutoka, mikono iliyowekwa mezani karibu karibu. Msomaji wa haraka huviona kama mapambo ya mandhari. Kwa kweli hivyo ndivyo vipimo vya ukimya. Kwa kuwa msimulizi hatuambii kwamba walikaa bila kusema kwa dakika ngapi, tunapima kwa mvinyo uliopungua na kwa wafanyakazi walioondoka. Vitenzi vya usemi navyo vimevuliwa nguo: "alisema Chauvin", "alisema Anne Desbaresdes", karibu bila kielezi, ili tusijue alisema kwa huzuni, kwa hasira au kwa kejeli. Kile ambacho Sarraute alikilaumu, Duras alikitumia kwa njia iliyo kinyume, akikirudia mpaka kikawa kama pigo la ngoma. Ninakiri kwamba napendelea njia hii, ingawa inaporudiwa katika vitabu vyake vya baadaye huwa karibu na mazoea. Hapa inafika mwisho wake halali: Chauvin anasema angependa Anne awe amekufa, naye anajibu kwamba imekwishafanyika. Ni kauli mbili fupi, na baada yake hakuna maelezo.

Miaka 6 baadaye, katika Le Ravissement de Lol V. Stein, Duras alilikaribia jambo lenyewe kwa jina. Katika dansi ya usiku, mchumba wa Lol anaondoka na mwanamke mwingine mbele ya macho yake, naye hasemi kitu. Msimulizi anayejaribu kuelewa anakisia kwamba Lol alikosa neno moja, neno-shimo, lililochimbwa katikati, ambalo maneno mengine yote yangezikwa ndani yake. Asingeweza kulitamka, lakini lingeweza kuvuma. Wahakiki wengi wamelifanya shimo hilo kuwa falsafa. Mimi naliona kwanza kama maelezo sahihi ya namna Duras alivyokuwa akiandika majibizano yake tangu zamani, ambapo kila mazungumzo huzunguka neno ambalo wazungumzaji hawana.

Mpaka hapa wanyamavu wetu, isipokuwa Meursault, ni watu wenye lugha ya kutosha. Annie Ernaux alileta ukimya wa wale ambao lugha ya nchi yao wenyewe inawaaibisha. La Place, kitabu cha mwaka 1983 kilichopata tuzo ya fasihi ya Renaudot mwaka uliofuata, hakitaki kuitwa riwaya, na nakiingiza hapa kwa sababu kimebadilisha namna riwaya za Kifaransa zinavyosikiliza. Baba yake, aliyekuwa na duka na mkahawa mdogo katika mji wa Yvetot huko Normandie, aliongea bila shida na wateja na familia. Mbele ya watu waliozungumza vizuri alinyamaza, au alikatisha sentensi katikati akasema "sivyo?" na kuinua mkono, akimwalika mwenzake aelewe na kuendelea badala yake. Msomaji wa Lubumbashi au Bukavu, anayezungumza Kiswahili nyumbani na aliyekutana na Kifaransa mbele ya ubao wa mwalimu, hatahitaji kuelezwa mkono ule ulikuwa unasema nini. Ernaux hatungi majibizano ya kumrudishia baba ufasaha ambao hakuwa nao. Anaacha vipande vya maneno yake katika maandishi ya mlazo, vichache, bila kuvipamba.

Kuna pia kunyamaza kwa taifa zima, ambako huingia mezani pamoja na chakula. Vita vya Algeria vilipiganwa kuanzia 1954 hadi 1962, na kwa miaka mingi lugha rasmi ya Ufaransa iliviita "matukio" au operesheni za kudumisha utulivu; jina la vita lilitambuliwa kisheria mwaka 1999 tu. Riwaya ya Laurent Mauvignier, Des hommes, ya mwaka 2009, inaanza katika sherehe ya kuzaliwa ya Solange kijijini. Kaka yake Bernard, mzee aliyeharibiwa na pombe, anamletea zawadi ya pambo la kifuani la bei ambayo hakuna anayeelewa ameipata wapi. Watu wanasita. Sentensi za msimulizi, ambaye naye alikuwa Algeria, zinaanza na kuachwa kabla ya kitenzi, na kitabu kinahitaji kufika usiku ndipo yaliyofanywa na kuonwa kule yaanze kusimuliwa. Hao si watu waliochagua kunyamaza kama mzee na mpwa wake katika kitabu cha Vercors. Waliporudi hapakuwa na aliyewauliza, na hata neno la kuanzia jibu, neno "vita", halikuwapo.

Na upande wa pili wa bahari hiyo yuko yule Mwarabu wa ufukweni. Mwaka 2013 mwandishi wa Algeria Kamel Daoud alichapisha mjini Algiers riwaya iitwayo Meursault, contre-enquête, ambamo aliyeuawa anapewa jina, Moussa, na mdogo wake Haroun, sasa mzee, anazungumza katika baa moja mjini Oran. Haroun anasema kwamba alijifunza Kifaransa ili aongee badala ya maiti na kuendeleza kidogo sentensi zake, kazi ileile ambayo mkono wa baba yake Ernaux ulikuwa ukiwaomba wengine wamfanyie. Lakini umbo la kitabu lina jambo moja zaidi, lililokopwa kutoka La Chute, riwaya ya Camus ya mwaka 1956, ambayo nayo ni maneno ya mtu mmoja ndani ya baa huko Amsterdam. Haroun hazungumzi peke yake. Mbele yake ameketi kijana msomi aliyekuja na kitabu cha Camus mkobani, anauliza, anaandika, pengine anapinga. Tunajua hivyo kwa sababu mzee anamjibu. Maswali yenyewe hayamo kitabuni, hata moja.